Kabla Hujahamisha Hendibreki ya Pikapu Yako

Unguja hatuna milima ya kutisha. Ukitoka Darajani ukapita Fuoni na Tunguu mpaka Makunduchi, barabara ni bapa karibu njia nzima, na dereva anaweza kumaliza mwaka bila kukumbuka kwamba gari lake lina hendibreki. Akifika anazima injini, anaacha gia ya kwanza ndani, anashuka. Ndiyo maana hendibreki za pikapu nyingi kisiwani ni za kwanza kufa na za mwisho kutengenezwa, na ndiyo maana mtu anapoanza kufikiria kuuhamisha mkono wa hendibreki, mara nyingi anahamisha kitu ambacho hakijafanya kazi tangu zamani.

Hamu ya kuuhamisha ipo, na ina sababu. Pikapu za Kijapani za miaka ya sabini na themanini, akina Toyota Hilux, Stout na Datsun, nyingi zilitoka kiwandani na siti moja ndefu ya watu watatu. Nafasi ya katikati ilikuwa ya abiria, kwa hiyo hendibreki ikawekwa chini ya dashbodi: fimbo yenye kishikio, unaivuta kuja kwako, na ukitaka kuiachia unaizungusha kidogo na kuirudisha ndani. Leo siti ndefu imechakaa, mwenye gari kanunua siti mbili za mtumba kutoka gari dogo, katikati pamebaki tupu, na kila akipatazama anaona mahali pa mkono wa hendibreki wa kisasa. Mwingine pikapu yake ilitoka Oman au Dubai, ambako magari hupita kulia na usukani uko kushoto. Usukani ukishaletwa kulia, fimbo ya hendibreki inabaki kwenye magoti ya abiria. Mwingine mgongo haumruhusu tena kuinama na kuvuta. Yupo pia anayetaka kinyume chake: mkono uko katikati, unamnyima nafasi abiria wa tatu, na kwa gari linalokwenda shamba kila siku abiria wa tatu ni nauli.

Sababu ya usukani na ya afya nazikubali bila mjadala. Dereva asiyefikia hendibreki hana hendibreki. Ya siti naisikiliza, ingawa ningemuuliza mwenyewe kama fimbo ya chini ya dashbodi imemkosea nini. Ya nauli naikataa. Mkono wa sakafuni hukuongezea nguvu wenyewe kwa urefu wake, na ukiutoa ukaweka fimbo ya kuvuta moja kwa moja, nguvu hiyo lazima uitafute chini ya gari kwa vyuma vya ziada ambavyo gari halikuwahi kuwa navyo. Nauli ya mtu mmoja hailipi kazi hiyo.

Hebu tuanze na jaribio, kabla spana haijaguswa. Vuta hendibreki ilipo sasa, gari likiwa mahali bapa na palipo wazi, washa injini, weka gia ya kwanza, kisha achia klachi polepole bila kukanyaga mafuta. Hendibreki nzima itaizima injini. Ikiwa gari linasogea tu kana kwamba hukuvuta kitu, basi huna sababu ya kuhamisha chochote kwanza. Una breki ya kutengeneza. Jaribio la pili ni la mteremko. Kanuni ya Umoja wa Mataifa inayofuatwa na watengenezaji wengi wa magari ya mizigo, ile Namba 13, inataka hendibreki ilizuie gari lenye mzigo kamili kwenye mteremko wa asilimia 18, yaani barabara inayopanda mita 18 kwa kila mita 100, na dereva asilazimike kuvuta kwa zaidi ya kama kilo 60. Kwenye mteremko huo gari la tani mbili linavutwa kwenda chini kwa nguvu ya kilo 350 hivi. Si nguvu ndogo, na gia ya kwanza peke yake katika injini iliyochoka isikutie moyo.

Mteremko wa namna hiyo kwetu ni wa kutafuta. Njia za kupanda Masingini na Kidichi kutoka upande wa Bububu zinatosha kukuonyesha tabia ya gari, na miteremko ya kushushia vyombo pwani ni mikali zaidi, ila hapo ukikosea gari linaishia majini. Wenye ndugu Pemba wanajua ninachosema: ukishuka melini Mkoani, barabara inapanda papo hapo, na pikapu ya Unguja iliyozoea ubapa hugundua huko huko kwamba haina hendibreki.

Ikishindwa jaribio, fungua dramu za nyuma kabla ya kumwita mchomeleaji. Jambo ambalo madereva wengi hawaambiwi ni hili: katika pikapu nyingi za Toyota zenye dramu nyuma, kifaa kinachozisogeza breki shuu karibu na dramu kadiri zinavyolika husukumwa na hendibreki yenyewe. Kila unapoivuta, mkono mdogo ndani ya dramu unagusa jino la kirekebishi, na nafasi inapungua. Usipoivuta kamwe, kirekebishi hakisogei, shuu zinabaki mbali, na siku moja unashangaa pedali ya mguu inashuka chini kuliko zamani. Watu hukimbilia kubadilisha masta silinda. Hivyo ubapa wa kisiwa chetu, pamoja na tabia ya kuacha gia, unakula mpaka breki ya mguu. Safisha dramu, legeza kirekebishi kilichoganda kwa kutu, kirudishe kwenye nafasi yake, badilisha waya ulioshikana, kisha rudia jaribio. Wengi wakifika hapa hamu ya kuhamisha mkono huisha, kwa sababu walichokuwa wakikitafuta ni breki inayoshika.

Kwa waliobaki, lazima kwanza mjue gari lenu ni la aina gani. Ingia chini ulitazame. Kama nyaya mbili zinakwenda kwenye magurudumu ya nyuma, endelea kusoma. Kama kuna dramu moja nyuma ya giaboksi, pale propela inapoanzia, hiyo ni hendibreki ya propela, na ushauri wangu ni mfupi: iache. Land Rover ndivyo zilivyokuwa tangu 1948, na malori madogo kama Toyota Dyna, ambayo mengi yalivikwa bodi za mbao yakawa daladala zetu, yana mpango huo huo. Mkono wake na dramu yake viko karibu, chuma kinavuta kwa mstari mfupi ulionyooka, na kila sentimita unayouhamisha mkono unaharibu mstari huo. Nguvu yake ni kubwa mno kwa vile inapita kwenye difu ikizidishwa. Ndiyo sababu haivutwi gari likiwa mwendoni.

Na kwa kuwa tumeigusa, hatari yake nyingine niitaje hapa hapa. Gari la hendibreki ya propela ukilipiga jeki gurudumu moja la nyuma, hendibreki haipo tena. Propela imeshikwa, sawa, lakini difu inaruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka kinyume huku lile lililo chini likitembea, na gari linashuka jeki. Utingo anayetambaa chini ya gari kutoa tairi bila kabari kwenye magurudumu ya mbele ameweka maisha yake kwenye difu.

Turudi kwenye magari ya nyaya mbili. Hapa hesabu inaharibu kazi nyingi kuliko spana. Fimbo ya chini ya dashbodi huvutwa moja kwa moja: mkono wako ukienda sentimita 12, waya nao unakwenda sentimita 12, na nguvu ni ile ile uliyoitoa. Ili nguvu hiyo itoshe, aghlabu chini ya gari pamewekwa mkono wa kati, chuma kifupi kinachozunguka kwenye pini yake, kinachopunguza mwendo na kuongeza nguvu. Tuseme kinaongeza mara nne. Zile sentimita 12 za mkononi zinafika nyuma zikiwa 3, na kilo 30 ulizovuta zinafika zikiwa 120. Sentimita 3 zinatosha kuzifungua breki shuu mpaka zikaibana dramu.

Sasa fundi anaitoa fimbo, anaweka mkono wa sakafuni kutoka gari dogo. Mkono huu una sentimita 30 kutoka kwenye pini yake mpaka kwenye kiganja, na sentimita 5 kutoka kwenye pini mpaka pale waya unapofungwa. Gawanya: nguvu mara sita. Lakini ukiuinua mpaka mwisho, waya unatembea kama sentimita 4 tu. Ukiuunganisha na ule mkono wa kati ulioachwa pale pale, zile 4 zinagawanywa kwa nne, na nyuma inafika sentimita 1. Mkono unakuwa mwepesi wa kupendeza, meno yote yanalia, na gari halijashikwa. Fundi anakaza nati ya waya ili kuumaliza ulegevu. Sasa shuu zinaigusa dramu muda wote, na kabla hujafika Kinyasini gurudumu linanuka.

"Fundi, mbona haishiki?"

"Itashika tu bwana, bado ngeni hiyo. Iache ijizoeze."

Haijizoezi. Mwendo haukutosha jana na hautatosha kesho. Dawa ni kuuondoa mkono wa kati, waya mpya uende moja kwa moja mpaka kwenye kile chuma kinachogawa nguvu kwa magurudumu mawili. Hapo unapata sentimita 4 mahali palipohitaji 3, ziada kidogo ya kupokea ulegevu, na nguvu mara sita badala ya nne. Ikiwa mkono wa kati unahitajika kwa ajili ya kugeuza mwelekeo wa kuvuta, uubakize, lakini matundu yake mawili yawe umbali ulio sawa kutoka kwenye pini ili usipunguze mwendo. Vipimo nilivyotoa ni vya mfano. Gari lako lina vyake. Chukua rula, pima mwendo wa waya ilipo fimbo ya zamani, pima mwendo wa waya nyuma, pima mkono unaotaka kuununua, ukiwa bado dukani. Muuza spea akikushangaa mwache ashangae.

Mkono wenyewe nunua mzima, pamoja na meno yake, ulimi unaoyashika na kitako chake, vyote kutoka gari moja. Meno ya gari hili na ulimi wa gari jingine hukaa pamoja kwa siku chache kisha hurukana, na hilo hutokea gari likiwa limeegeshwa na wewe uko msikitini au sokoni. Meno yaliyolika hayajazwi kwa kuchomelea. Spea za mtumba zipo kisiwani, na zikikosekana kuna Gerezani, Dar es Salaam, ambako mtu anayejua anachotafuta hupata mikono ya kuchagua. Uvute na kuuachia mara nyingi kabla ya kulipa. Usikilize kila jino.

Mahali pa kuuweka pachaguliwe ukiwa umekaa kwenye siti yako, siti ikiwa kwenye nafasi unayoendeshea, mkanda umefungwa. Watu hupima gari likiwa limetolewa siti, wakachomelea, siti ikirudi kishikio kinagonga goti au kinafika chini ya paja. Peleka gia zote, ya kwanza mpaka ya kurudi nyuma, mkono ukiwa juu na ukiwa chini. Vidole visigongane na kijiti cha gia. Isogeze siti mbele na nyuma kwenye reli yake. Na napenda, pale nafasi inaporuhusu, mkono uwe mahali ambapo aliyekaa kushoto naye anaufikia. Dereva anaweza kuzidiwa, na utingo mwenye akili ameokoa magari mengi.

Sakafu ni suala linalotaka muda, kwa sababu ya mahali tulipo. Pikapu ya Unguja inaishi kwenye hewa ya chumvi. Ile inayokwenda kupakia mwani Paje au samaki Nungwi inakanyaga maji ya bahari kabisa. Sakafu yake ukiinua zulia utakuta rangi imevimba, na ukiigonga kwa kipini cha bisibisi sehemu nyingine italia na nyingine itanyamaza. Inayonyamaza imeoza. Ukivuta kwa nguvu ya kilo 40 kwenye mkono wa mara sita, waya unavutwa kwa kilo 240, zaidi ya magunia mawili makubwa ya mchele, na nguvu hiyo yote inang'oa bolti mbili au nne zilizopita kwenye bati ambalo hata likiwa jipya lina unene wa milimita 1 hivi. Bolti zitachanika na bati, pengine si siku ya kwanza.

Kata sehemu iliyooza mpaka ufike kwenye chuma kinacholia, uweke bati jipya. Kisha chini ya sakafu weka bamba la chuma la milimita 3, pana, lenye kuvuka kitako cha mkono kwa sentimita kadhaa kila upande, bolti zipite juu mpaka chini zikikamata sakafu kati ya kitako na bamba. Ikiwezekana lifikie ule mshipa wa bati uliokunjwa unaoimarisha sakafu ya kabini. Bolti ziwe ngumu, zile zenye namba 8.8 kichwani, zikifungwa na nati zisizolegea. Ribiti hapana. Kabla ya kutoboa, shuka chini utazame kilicho upande wa pili: paipu ya breki, paipu ya mafuta, nyaya za umeme, giaboksi yenyewe. Kabla ya kuchomelea, toa betri, ondoa zulia na sponji, jua tangi la mafuta liko upande gani, na mtu mmoja asimame na ndoo ya mchanga bila kazi nyingine. Ukimaliza, piga rangi ya kuzuia kutu juu na chini, ndani ya matundu pia.

Waya sasa. Waya wa hendibreki wenye ganda unaweza kupinda, na wepesi huo huwadanganya watu wakauzungusha popote. Kila kona inakula nguvu. Waya safi wenye mafuta ndani ya ganda lake, kona moja ya mraba inameza takriban sehemu ya sita ya nguvu uliyotoa. Kona mbili, karibu theluthi. Ukiingia kutu hesabu hiyo ni mbaya zaidi, na hapa kwetu kutu itaingia. Kwa hiyo tafuta njia yenye kona chache na pana, isiyopinda kwa nusukipenyo kilicho chini ya sentimita 15. Iepuke eksozi, kwa sababu joto linayeyusha plastiki ya ndani ya ganda. Usiufunge waya karibu na propela wala karibu na springi zinapopanda na kushuka. Sehemu inapopita kwenye bati iwe na mpira, na mdomo wa ganda uelekee chini ili maji yasijikusanye humo.

Kuna jambo la kabini na chesisi ambalo hata mafundi wazuri hulisahau. Kabini ya pikapu haikufungwa imara kwenye chesisi. Imekaa juu ya mipira, na barabara mbovu ikiisukuma inacheza. Mkono uko kwenye kabini, breki ziko kwenye ekseli. Ukitumia waya mtupu au fimbo ya chuma kutoka mkononi moja kwa moja mpaka nyuma, kila kabini inapocheza inavuta au inalegeza breki. Waya wenye ganda hauna tatizo hilo iwapo mwanzo wa ganda umefungwa kwenye kabini, karibu na mkono, na mwisho wake umefungwa kwenye chesisi. Kufunga upande mmoja tu, kama ninavyoona mara kwa mara, ni sawa na kutokufunga.

Waya ukiwa mfupi hauunganishwi. Klempu mbili na kipande cha waya wa pikipiki ni kazi ya kulifikisha gari gereji, basi. Wala waya haupigwi moto ili kuchomelewa kichwa kipya: joto linaulainisha chuma chake, na utakatika pale pale ulipoungua. Pima urefu unaohitajika kwa kamba iliyopitishwa kwenye njia ile ile uliyochagua, kamba inayopinda inapopinda waya, kisha tafuta waya wa gari jingine wenye urefu huo, au utengenezewe na anayebana vichwa kwa mashine.

Mambo madogo yasisahaulike. Swichi ya taa ya hendibreki kwenye dashbodi ihamie na mkono. Bila taa hiyo utaendesha mpaka Mahonda breki zikiwa zimeshikana. Springi ya kurudisha waya nyuma iwepo na iwe na nguvu. Na lile tundu la zamani chini ya dashbodi lizibwe.

Kurekebisha kuna utaratibu mmoja tu: dramu kwanza, waya baadaye. Waya ukiwa umelegezwa kabisa, rekebisha shuu mpaka gurudumu lianze kugusa, uachie kidogo lizunguke huru. Hapo ndipo unakaza waya, mpaka mkono ushike kati ya jino la 6 na la 9. Ukikaza waya ili kuficha dramu zilizolegea, kirekebishi cha ndani kitashindwa kufanya kazi, na utarudi gereji kila mwezi. Pandisha magurudumu yote mawili, kabari zikiwa mbele, mkono ukiwa chini: yote mawili yazunguke. Vuta jino moja moja: yashikwe pamoja, sio moja kulitangulia jingine. Endesha kilomita kumi hivi bila kuivuta, usimame, usogeze kiganja karibu na kila dramu bila kuigusa. Ikiwa moja ina joto kuliko mwenzake, upande huo waya hauachii.

Halafu mteremko, gari likiwa na mzigo wa kweli, mtu akiwa ndani na mguu wake juu ya breki, na mwingine nje na kabari mkononi. Lielekeze juu, kisha ligeuze lielekee chini. Dramu zinashika kwa nguvu tofauti zikizunguka mbele na nyuma, na hendibreki nyingine hulizuia gari upande mmoja tu. Baada ya wiki moja ya kazi, kaza tena, maana waya mpya hurefuka. Baada ya hapo ivute kila unapoegesha, hata Malindi kwenye bapa tupu. Kuivuta ndiko kuitunza.

Gari lililobadilishwa breki ni gari jingine mbele ya mkaguzi na mbele ya bima. Zanzibar ina sheria yake ya usafiri barabarani na wakaguzi wake, mbali na Bara inayofuata Sheria ya Usalama Barabarani ya 1973, na mwenye gari la abiria hasa asingoje kuulizwa. Mpelekee mkaguzi gari kabla ya siku ya ukaguzi, mwonyeshe kilichofanyika, na waandikie wenye bima barua, ubaki na nakala. Pesa za barua ni kidogo kuliko za kesi. Unaposafiri kwa meli ya magari, mwambie anayepanga sitaha kwamba hendibreki yako imehamishwa karibuni, na uombe kabari hata kama hakukupa.

Kuhusu malipo, elewaneni tangu mwanzo kwamba kazi itaisha kwenye mteremko, sio gereji. Mwombe fundi akuwekee vyuma vyote vya zamani, fimbo, mkono wa kati na waya, uvifunge kwenye gunia. Ukiuza gari au ukibadili mawazo vitahitajika. Kabla zulia halijarudishwa, ingia chini naye, akuonyeshe bamba, bolti na njia ya waya kwa tochi. Na fundi asiyetaka kukuonyesha alichofanya chini ya sakafu, usimlipe bado.